Jina la Jackson

Majina ya ukoo ya Kiingereza yaliyojaaliwa kuenea ni mengi, walakini jina la Jackson halina mithili. Andrew, rais wa Marekani ambaye mji mkuu wa Mississippi wabeba jina lake, ndiye aliyetia sahihi, mwaka 1830, sheria iliyowahamisha wenyeji wa asili, Wachoctaw wa Mississippi hiyohiyo wakiwa miongoni mwao. Sir Frederick, aliyekuwa gavana wa Uganda tangu 1911, hakupata mji mkuu. Yeye, tangu 1896, ana kinyonga wa milima ya Kenya anayebeba jina lake, ambaye dume wake ana pembe tatu usoni, mwendo wa kusitasita, na macho mawili yasiyotazama upande mmoja. Mtaalamu wa London aliyemwita hivyo alikusudia taadhima. Kinyonga mwenyewe hakushauriwa.