Sifa za Mtambo wa Gongo

Watu wa kalamu wamekwisha kuwasifu wafalme, majahazi na wanawake wenye haiba, lakini mtambo wa gongo, ambao hukesha katika matete ya Ziwa Victoria kuanzia viunga vya Mwanza hata visiwa vya Ukerewe, sijasikia ukipata mtetezi. Nami naona ni dhuluma kuuacha katika fedheha hiyo, ilhali una nasaba, elimu na adabu kuwashinda wengi wanaoushtaki.

Nasaba yake si haba. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Iraki wa karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya kukeneka manukato, na hata leo watu wa Jabal Akhdar, huko Omani, hupata maji ya waridi kwa njia ile ile ya chombo kukaa juu ya moto, mvuke kupanda, na baridi kuurudisha kuwa maji. Mtambo wetu basi ni binamu wa mrashi, ila tu yatokayo katika mrashi hunyunyiziwa mgeni kanzuni, na yatokayo mtamboni humwagwa chini na askari.

Umbo lake ni la unyenyekevu: pipa kuukuu juu ya mafiga, kinywa kimezibwa kwa matambara na udongo ili mvuke usipotee hata chembe, na mrija wa shaba unaotoka juu, ukajizungusha ndani ya maji baridi ambayo ziwa huyatoa bila kudai leseni. Ndani ya pipa hutiwa pombe iliyochachuka, ya ndizi, ya mihogo au ya sukari guru, kila mpishi na mapenzi yake. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100, ingawa hapa kwetu, maadamu ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, vyote viwili huwahi kidogo, na maji huchemka yapata nyuzi 96. Kwa hiyo kileo hutangulia, hupita mrijani, hukutana na baridi, kisha hudondoka chupani tone baada ya tone, nacho ndicho wateja, ambao hawakunyimwa ufasaha, wanachokiita machozi ya simba. Mpishi humwaga kidogo motoni. Ukizuka ulimi wa buluu, bei hupanda papo hapo.

Serikali nazo zimeuenzi. Uganda ilitunga sheria ya enguli, yaani gongo ya kwao, mwaka 1965, ikaleta leseni, na kinywaji kile kile kikavaa lebo kikaitwa Uganda Waragi. Tanzania ikafuata mwaka 1966 kwa sheria mahsusi ya moshi, ndiyo gongo hiyo hiyo. Ni viwanda vingapi vya uani vilivyotungiwa sheria yao peke yao?

Wasemao kwamba mtambo huua wanausingizia. Matone ya mwanzo, yenye harufu ya kuchoma pua, ni ya kumwaga, nao mtambo, kwa uaminifu wake, huyatoa mbele ili mwenye akili ayatupe. Bahili ndiye anayeyachanganya na mengine, kwa sababu kwake kila tone ni senti. Wala mtambo haukuomba kufungiwa rejeta ya gari bovu, yenye risasi katika viungo vyake, badala ya shaba safi. Na ile pombe iliyoua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, Novemba 2000, ilikuwa imetiwa methanoli kwa mkono wa binadamu.

Lakini adabu yake hudhihirika zaidi siku ya kukamatwa, pale unapowekwa uani mwa kituo na kupigwa picha ya gazeti pamoja na wakubwa, heshima ambayo mashine ya kusaga haijapata kuiona. Hapo huulizwa mengi, nao hautaji jina la mwenyewe, ambaye wakati huo yumo mtumbwini anakata maji kuelekea Ukerewe, wala jina la mteja yeyote, hata wa wale waliovaa sare.