Nimepungua, Siumwi

Hapa kwetu mtu akinenepa hupongezwa, akipungua hupewa pole. Rudi likizo mashavu yamejaa, ofisi nzima itasema umenawiri, mambo yamekunyookea. Kitambi ni hati ya mali isiyohitaji mhuri. Thubutu sasa kupungua kilo chache, ndipo utakapojua una ndugu wengi kiasi gani, kila mmoja akikuuliza kwa sauti ya chini kama umeshapima.

Mimi nilipima kweli, ila presha. Nesi aliitazama mashine, akanitazama mimi, akanipima tena akidhani inanisingizia. Kisha akanipa somo la Shirika la Afya Duniani: chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, mboga na matunda angalau gramu 400, na kutembea kwa haraka dakika 150 kila wiki. Niliitikia kwa unyenyekevu, huku nikijua kuwa kijiko hicho cha chumvi hukimaliza kwenye chipsi mayai kabla ya adhuhuri.

Nikaenda kutafuta motisha. Siku hizi motisha iko kwenye simu, tena bure, ilimradi una bando. Vijana wenye matumbo yaliyogawanyika vyumba vyumba wakaniagiza nile samaki anayeitwa salmoni, mbegu za chia na maziwa ya lozi. Nilipofika na orodha hiyo soko la Feri, muuza samaki alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mzee wangu, mimi nina kibua na dagaa. Huyo mwingine mfuate kwao." Nikanunua kibua, ambaye ana mafuta yaleyale ya omega-3 wanayomsifia salmoni, na hadai nauli ya ndege.

Baada ya samaki ikaja zamu ya unga. Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini huondoka na nyuzinyuzi pamoja na sehemu kubwa ya vitamini, ikabaki sembe nyeupe pe. Dona husagwa na vyote vyake. Kwa bidii ya mwongofu mpya nikasagisha gunia zima. Mtoto wa pili akauliza kama tumefilisika. Mkubwa, aliyesoma bweni, akadai kifungo chake cha dona alishakimaliza. Wala hakukuwa na haja ya kukata rufaa, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta, na unga wenye mafuta hauvumilii joto la Dar es Salaam. Ukawa mchungu kabla hatujafika nusu ya gunia, na kuku wa jirani ndio waliofaidi lishe bora.

Nikahamia kwenye kutembea. Asubuhi niliipita stendi ya daladala kwa miguu, kifua mbele. Kijana wa bodaboda akasimama: "Mzee, panda tu, utalipa ukipata." Nikamshukuru, nikaendelea. Habari ikanitangulia nyumbani. Jioni moja jirani akabisha hodi, akamvuta mke wangu pembeni na kumwambia wamesikia yaliyomkuta baba kazini, wasione haya, ndiyo dunia. Akaacha mfuko: sukari, mchele, mafuta ya kupikia na pakiti ya chumvi. Ulikuwa msaada wa kaya iliyokosa mshahara, na pia orodha kamili ya vitu nilivyokuwa najaribu kupunguza.

Tulipokwenda Tanga kwa mama mkwe, nikakuta wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikala sahani moja, nikaeleza habari za gramu. Mama akanisikiliza kwa heshima zote, akapakua tena. Baadaye akamwita binti yake chumbani, akamuuliza kama tumegombana.

Aliyeniokoa ni mke wangu, bila hotuba. Alimimina maji kwenye glasi, akatia vijiko vinane vya sukari, akakoroga na kuniwekea mezani. "Kunywa," akasema. Nikakataa. Akaniambia hiyo ndiyo soda yangu ya mchana, chupa ya mililita 300, ila hii haina rangi. Kesho yake chumvi ikahama mezani ikapanda juu ya kabati, mahali ambapo kuifikia kunahitaji kiti na sababu. Soda hazikununuliwa tena. Dona ikarudi kwa kilo chache chache, na matembele yakapikwa kwanza, wali ukafuata kwa nafasi iliyobaki. Yule jirani wa mfuko, alipoelewa kuwa kazi bado ninayo, akaenda kupima presha yake mwenyewe. Sasa anatembea nasi jioni, na bodaboda wametuzoea.

Presha imeshuka, ingawa nesi anasema bado si ya kujivunia. Motisha niliyoitafuta kwenye simu iliisha pamoja na bando, lakini chumvi iliyo juu ya kabati inafanya kazi hata siku nisiyo na moyo wowote. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kubadili mlo usianze na nia peke yake. Anza na meza yako, kaa chini na anayekupikia, na uwaarifu majirani mapema kwamba hujafukuzwa kazi.