Shangazi Ajibu: Binti wa Chumbageni na Nguzo ya Chuma

*Shikamoo Shangazi. Niko Birmingham, kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa, na mwili umeanza kunidai. Wenzangu wa kazini wananivuta tukajifunze dansi ya nguzo, eti ni mazoezi. Mume hana neno. Mama akisikia atazimia. Nifanyeje? – Binti wa Chumbageni*

Marahaba, binti yangu. Umefanya vyema kuniandikia mimi, si yule bwana wa gazeti la jirani ambaye kila tatizo dawa yake ni "kaeni mzungumze". Mimi sikai. Nina kiuno ambacho zamani kilisimamisha msafara wa harusi Barabara ya Kumi na Tano pale Tanga, mpiga zumari akasahau anapuliza nini. Bibi harusi hajaniamkia mpaka leo.

Turudi kwenye kiuno changu. Kwenye nguzo yako, nilitaka kusema.

Nguzo hizo ni za chuma, na nyingi zina kipenyo cha milimita 45. Zipo zilizotulia na zipo zinazozunguka. Anayeanza hupewa iliyotulia, maana inayozunguka haina huruma na mtu aliyekula wali mchana. Za nyumbani hubanwa kati ya sakafu na dari. Kama dari yako ni jipsamu tupu isiyo na boriti nyuma yake, utashuka nayo. Nilipima mguu wa kitanda changu cha samadari nione kama utafaa. Ni mnene mno. Mengine anayajua seremala.

Mama atauliza, kaptula ya nini? Mwambie nguo huteleza kwenye chuma, ngozi hushika. Mtu ananing'inia kwa nyuma ya goti, kwa paja, kwa kwapa. Akivaa suruali ataporomoka. Kwa sababu hiyohiyo siku ya mazoezi hupaki losheni, na nguzo hufutwa kwa spiriti. Hapo mimi ningeshindwa, maana ngozi yangu imezoea mafuta ya nazi na liwa tangu ujana. Nikishika nguzo nitafika chini kabla ya mwalimu kunisalimia. Lakini umewahi kumwona mkwezi anapanda mnazi na suruali ya tetroni, mapaja yameloa losheni? Mimi mwenyewe niliupanda mnazi wa babu mchana kweupe, nikaangua madafu, majirani wakasingizia upepo. Bibi alisema mwanamke hapandi mnazi. Dafu alikunywa.

Mama akisema mambo hayo ni ya vilabu vya usiku, usimbishie. Ni kweli: kwenye kumbi za mazoezi yameingia yakitoka vilabu vya Marekani na Kanada, na wanaojifanya hawajui asili yake wananichosha. Ila mweleze pia kwamba kule Maharashtra, India, kuna mchezo uitwao mallakhamb. Wanaume wenye misuli hupanda nguzo ya mti, wakajipinda juu yake na kusimama kichwa chini. Ulikuwa mazoezi ya wapiga mieleka, na mwaka 2013 jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza kuwa mchezo wake rasmi. Wao nguzo yao wanaipaka mafuta ya mbarika! Wewe usiwaige, utavunja meno.

Na huu wenu una Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Nguzo, lililoundwa 2009. Mwaka 2017 GAISF, uliokuwa mwavuli wa mashirikisho ya michezo duniani, uliupa hadhi ya mwangalizi. Ndiyo hadhi niliyopewa mimi kwenye kamati ya harusi ya mpwa wangu. Niliikataa hapohapo, na pilau ikaungua bila msimamizi.

Tiba sasa. Mume asiye na neno mtumie: asimame wima sebuleni kama nguzo ya majaribio, nawe umzunguke taratibu. Akiyumba, mpe uji wa ulezi, mrudie kesho. Michubuko itakuja, mapajani na kwenye miundi. Kila anayeanza anaipata. Usiikandekande ovyo. Ipe majina ya mawifi zako, utafurahi ikififia. Mikono na mabega yatauma kuliko miguu, kwa kuwa kazi kubwa ni kujivuta na kujibana tumbo. Zoeza upande wa kulia na wa kushoto pia, usije ukarudi Tanga bega moja la kuli na jingine la karani. Kujigeuza kichwa chini kungoje mpaka mwalimu aseme, na chini yako pawe na godoro nene. Si mkeka. Si kanga ya mama.

Nilitaka kukueleza jinsi balozi mmoja alivyoniomba nimfundishe kutembea, lakini mhariri anagonga meza, ukurasa umekwisha. Basi: nenda. Mpigie mama kabla shangazi yako wa damu hajampelekea picha, umwambie ni mazoezi ya kupanda, na umtaje mkwezi. Akizimia, mpepeeni.

Wenye matatizo ya wakwe, foleni ni ndefu, vumilieni. Wengine wote mnaotaka kupanda nguzo, vueni pete na bangili kwanza: zinakwaruza chuma na kuumiza vidole. Zangu ni za dhahabu, ndiyo maana nashauri nikiwa nimeketi.