Shangazi Mpakato Anajibu

Barua ni nyingi wiki hii, nyingine zimeandikwa kwa simu kwa sababu kompyuta ya mwandishi haiwaki. Nimechagua nne.

*Shangazi, shikamoo. Nipo mwaka wa kwanza chuoni, Dodoma. Boom limeingia, nyumbani wameniongezea, nina laki sita. Moyoni nina wawili. Wa kwanza ni mpya, hajatolewa kwenye boksi, mwembamba, rangi ya fedha. Wa pili ni mtumba wa Uingereza, mweusi, mzito, ana mkwaruzo begani, na wenzangu bwenini wanamcheka. Nimchukue nani? — Njia Panda*

Marahaba, mwanangu. Umenieleza rangi, umenieleza boksi, lakini hukusema hata mmoja ana nini kichwani. Bahati nzuri umetuma picha za vibandiko.

Huyo wa fedha ana Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Windows 11 yenyewe kima chake cha chini ni hizo hizo 4 na 64, kwa hiyo ameingia mjini hana hata nauli ya kurudi. Utafungua Word, utafungua kurasa tano za intaneti, kisha utaenda kantini, utakula, utarudi umkute bado anafikiri. Kumwongezea RAM haiwezekani. Upya wake ni wa boksi tu.

Yule mweusi ni ThinkPad T480 ya 2018, yenye i5-8250U. Iliundwa kwa ajili ya watu wa maofisini, wanaofungua na kufunga kifuniko kutwa nzima. RAM yake inaongezwa kwa bisibisi, diski inabadilishwa, na betri ziko mbili: moja ya ndani, moja ya nje unayoichomoa kwa mkono. Mchukue, uwaache wanaocheka wacheke.

Lakini posa haipokelewi bila kuuliza ukoo. Kibandiko cha i7 kimewaponza wengi. Soma namba yote: tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi. i7-3520M ni kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, na i5 yako ya kizazi cha nane inaiacha mbali. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: huyo ni wa kumi. Kizazi kina maana kwa sababu Windows 11, upande wa Intel, kwa kawaida inakubali rasmi kuanzia cha nane, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, siku tunayomkumbuka Mwalimu. Muuzaji atakuonyesha mashine ya kizazi cha nne inayoendesha Windows 11 vizuri tu. Ameipitishia dirishani, usiulize amefanyaje, uliza bei itashuka kiasi gani.

Betri nayo usiipime kwa macho. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na mashine itatengeneza ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa inajaa kiasi gani. Ikiwa ilianza na 24,000 na leo inajaa 11,000, hiyo ni chini ya nusu, hata kama alama pale pembeni inasema asilimia mia. Hakikisha pia ndani kuna SSD na si diski ya kuzunguka. Na winga wa Kariakoo akikuharakisha, mwache atangulie.

*Shangazi, mume wangu kaniletea laptopu kutoka safari. Nilipoifuta na kuianza upya, ilipopata intaneti tu ikanikaribisha kwa jina la kampuni nisiyoijua, ikadai nywila ya kazini. Je, kuna mwingine? — Mwenye Wasiwasi, Tanga*

Wa mumeo sijui. Mashine ndiyo inaye. Imesajiliwa na kampuni iliyoinunua mwanzo, na usajili huo unafuata mwili wa mashine, si Windows, kwa hiyo ukiifuta mara saba itarudi na jina lile lile. Anayeweza kuifungua kihalali ni kampuni yenyewe. Ama walisahau kuitoa kwenye orodha walipoiuza, ama haikuuzwa. Mumeo airudishe na risiti. Safari nyingine aifute na kuiunganisha na intaneti hapo hapo kaunta, kabla ya kulipa, kisha aingie BIOS. Ikidai nywila huko, aiache hapo hapo.

*Shangazi, mtumba wangu umetoka Ujerumani. Huandika nikitazama kibodi. Nimemwomba bosi ruhusa kwa kuwa yaya ameondoka, yeye kasoma "zaza ameondoka," na "yeye" ikawa "zeze." Ruhusa sijapata. — Mzazi, Arusha*

Mshukuru Mungu haikutoka Ufaransa, ungemwandikia mama ikatokea ;q;q. Wajerumani wamebadilishana Y na Z, na muuzaji aliyeweka mpangilio wa Kiingereza hakukwambia. Ingia kwenye mipangilio ya lugha, ongeza kibodi ya Kijerumani, na herufi zitafuata zilivyochapishwa. Barua kwa bosi iandike upya. Ombi la yaya mwingine litume kwa simu.

*Shangazi, nina steshenari Mbagala. Mashine haitoki mezani. Vijana wananiambia nitafute yenye betri ya saa kumi. — Mama Kopi*

Hao vijana wanakutakia mema na hasara pamoja. Saa kumi za nini, na soketi iko hapo ubavuni? Wewe tafuta yenye betri iliyochoka, ushushe bei kwa kisingizio hicho hicho. Umeme ukikatika, nusu saa inakutosha kuhifadhi CV ya mteja na kuzima kwa amani. Iliyochoka, nimesema, si iliyovimba. Iweke mashine juu ya kioo cha kaunta: ikiyumba, au pedi ya kugusa ikiwa imeinuka, irudishe, kwa sababu betri ya namna hiyo inaweza kushika moto. Na flashi za wateja uzikague virusi kwanza, hata ya mchungaji.