Kipanya cha Bluu Kwenye Njia ya Misafara

"Mzee wangu, hebu soma hapa." Mfanyabiashara wa madini mjini Tabora aliyasema hayo juzi kwa upole, akanisogezea jiwe langu chini ya taa na kuniazima miwani yake mwenyewe. Nikasoma. Palikuwa na herufi mbili zilizolika na tarakimu moja, sita au tisa, kutegemea umelishika upande gani. Almasi hazizaliwi na tarakimu. Kile kilikuwa kitako cha chupa.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu, punje zake za dhahabu zikiwa kwenye kikaratasi, alizifunga kwanza ili apate kucheka kwa nafasi. Mfanyabiashara hakucheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Alikuwa amefuata utaratibu wote bila kuruka hatua. Alilipulizia jiwe pumzi, akatazama ukungu. Akachukua kikalamu cha kupimia, kile kinacholia kikigusa almasi, akakibandika juu ya jiwe huku duka zima limenyamaza. Almasi hupitisha joto upesi kuliko karibu kila kitu tunachokijua, upesi kuliko hata shaba. Ndiyo maana ukungu wa pumzi haukai juu yake, na ndiyo maana ncha yenye joto ya kikalamu hupoa mara inapoigusa, nacho kikalia. Juu ya jiwe langu ukungu ulikaa mpaka mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Kikalamu hakikusema neno.

Nikitafuta pa kutokea, nilimwuliza kama jiwe la namna hii linahitaji leseni. "La chupa halihitaji, mzee. Ungeniletea almasi kweli bila karatasi, hapo ndipo tungeshikana." Alisema kweli: kwa sheria ya madini ya nchi hii, kukutwa na madini bila kibali ni kosa. Kwa hiyo chupa iliniokoa na mahakama. Akanifungia kwenye gazeti, kwa heshima zote.

Shemeji, aliyeliokota jiwe lile na kulitangaza kuwa almasi ya kijani, wakati huo alikuwa nje analinda gari.

Gari lenyewe ni kipanya kilichostaafu udaladala Dar es Salaam. Shemeji aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, beseni, pipa la maji juu ya paa na mapazia ya maua ambayo dada yake, yaani mke wangu, alikuwa ameyakataa nyumbani. Bodi aliipaka bluu, milango nyeusi. Ovaroli zetu mbili alizinunua za bluu pia, akaziita sare ya msafara. Alichokiacha ni maandishi ya kioo cha mbele: Mbagala–Kariakoo. Basi tangu Manyoni tulisimamishwa na watu wenye haraka zao. Karibu na Tabora mama mmoja alipanda kabisa na majogoo wawili, akaketi kitandani, akauliza viti tumepeleka wapi. Tulimshusha sokoni, naye akakataa kulipa kwa sababu hakupewa kiti.

Homa ya mawe ilimwingia shemeji kwa njia mbili. Ya kwanza ni Mwadui, Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 likapatikana huko jiwe la waridi la karati 54.5, likaenda London kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth. Lilipokatwa likabaki karati 23 na ushei. Akifika hapo shemeji hunyamaza kwa heshima. Mimi nami hunyamaza, ila kwa sababu nyingine. Njia ya pili ni Saniniu Laizer wa Mirerani, aliyeuza tanzanaiti mbili mwaka 2020 na kulipwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Tangu hapo shemeji hawezi kuona kokoto bila kuigeuza.

Mahali alipopachagua, lazima nikiri, ni pa ajabu kweli. Kaskazini ya barabara ya kutoka Urambo kwenda Kaliua, katikati ya miyombo, kuna vilima vitatu vidogo viitwavyo Igwisi. Ukivitazama hutavisimulia. Lakini hivyo ni volkano, tena za mwamba wa kimbalaiti, mwamba ule ule unaotoa almasi Mwadui na Afrika Kusini.

Naomba nieleze, maana jambo hili limeninyima usingizi. Almasi haitengenezwi ndani ya kimbalaiti. Hutengenezwa chini sana, kilomita 150 na zaidi, mahali ambapo kaboni hubanwa mpaka ikakosa umbo jingine la kuchukua. Mahali hapo hupatikana chini ya mabara ya kale tu, yenye mizizi minene na baridi, na magharibi ya Tanzania imekaa juu ya bara la namna hiyo, lenye umri unaopita miaka bilioni 2.5. Kimbalaiti ni basi tu: huanzia chini zaidi, limejaa gesi, hupanda kwa kasi na kubeba abiria yeyote litakayekutana naye njiani. Na lazima liende mbio, kwa sababu almasi ikicheleweshwa kwenye joto huku mgandamizo unapungua, huliwa na uji wa mwamba au hugeuka kuwa ile risasi ya kwenye penseli. Mabasi mengi duniani yalilipuka zamani sana, mvua ikala vituo vyake vyote, ikabaki mashimo ya chini tu. Igwisi peke yake ndiko kilele kimesimama, na kreta, na lava iliyomwagika juu ya ardhi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 viliipa umri wa miaka kama 12,000, pungufu au zaidi ya elfu kadhaa. Nyingine zinazoifuata kwa uchanga zina makumi ya mamilioni. Wanajiolojia wa dunia wanaijua Igwisi. Mimi niliipita kwa treni mara nyingi nikila maandazi, wala hakuna mwalimu aliyepata kunitajia.

Kasoro ni moja. Igwisi haina sifa ya almasi. Basi lilifika tupu. Hilo nilimwambia shemeji tukiwa Urambo. Akajibu kwamba hata Mwadui walimwambia Williamson hivyo hivyo.

Tuliacha barabara asubuhi. Hatukwenda mbali ndorobo wakatupokea. Ndorobo ni mdudu wa kuheshimiwa. Jike hatagi mayai hovyo. Hubeba mtoto mmoja tu, humlisha humo humo tumboni kwa tezi inayotoa maziwa, na baada ya siku tisa au kumi humzaa buu aliyenona, ambaye hujichimbia ardhini kungoja mabawa. Mama wa namna hiyo hana mchezo na chakula. Humtafuta mnyama kwa harufu ya pumzi na kwa macho: kitu kikubwa, kinachotembea. Watafiti waligundua kwamba rangi inayomvuta sana ni bluu, na akishafika kwenye bluu hupenda kutua penye nyeusi. Kwa hiyo mitego ya ndorobo hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Sisi tulikuwa na mtego wenye injini.

Walikuja kwa mamia. Walitua kwenye milango, kwenye matairi, kwenye pazia la maua kwa nje. Tukafunga vioo. Ni Oktoba, Tabora, vioo vimefungwa, mtungi wa gesi unanuka, na shemeji anavuja jasho huku akisema kwamba mbele hewa itabadilika. Mbele palikuwa na korongo kavu lenye mchanga. Kipanya kikaingia kwa heshima, kikasita, na matairi ya nyuma yakazama mpaka ekseli.

"Tutembee tu, shem," alisema. "Kilima si kile?"

Kilima hakikuwa kile. Cha kweli tulikifikia baada ya saa mbili na ushei, ndani ya ovaroli za bluu, tukipigana na wadudu wanaouma kupitia nguo. Mwezi huo miyombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua. Rangi yanayo, kivuli hayana. Shemeji alibeba nyundo, chekecheke na gunia la kuletea utajiri. Maji nilibeba mimi.

Tulikuwa tumeketi chini ya mninga tukihema ndipo kijana mrina asali akatokea na baiskeli, ndoo mbili zimefungwa nyuma, shati la kaki, hana hata ndorobo mmoja mgongoni.

"Shikamooni, wazee. Mnatafuta nini?"

"Marahaba. Mawe," shemeji akajibu, kwa sauti ya mtu mwenye siri.

Kijana akatazama upande huu na ule. Mawe yalikuwa kila mahali. "Basi mmeyapata," akasema. Kisha, kwa adabu: "Hizo nguo, mngevua. Wataalamu wa ndorobo hutundika vitambaa vya rangi hiyo hiyo porini ili kuwakusanya."

Kileleni nilisahau kuumwa kwa robo saa. Lava ya Igwisi ni ya kijivu, na ndani yake kuna punje za olivini, kijani iliyofifia, zimeviringwa kikamilifu, nyingine kubwa kuliko punje ya mahindi. Zilisuguana zenyewe njia nzima ya kupanda, zikafika juu zimekatwa pembe zote. Nilishika moja kwenye kiganja nikafikiri kwamba ilikuwa chini ya miguu ya nchi hii kwa kina kinachofikia umbali wa Tabora hadi Nzega na zaidi, ikaletwa juu bila nauli. Shemeji alikuwa akiziita zumaridi. Tulipokuwa tunashuka, kwenye mkondo mkavu chini ya kilima, ndipo akapiga ukelele na kuliinua lile jingine, la kijani, laini, linalong'aa kuliko yote. Yaliyofuata nimekwisha kuyasema.

Kulikwamua gari ndiko kulikotumezea jioni nzima. Mrina asali alikwenda kijijini kuita wenzake, nasi tukajifungia ndani. Nikamkumbusha shemeji kwamba njia hii ya misafara, kutoka Bagamoyo kuja Tabora hadi Ujiji, haijawahi kupenda chombo. Miaka ya 1870 wamisionari wa Kiingereza walijaribu kuingiza magari ya kukokotwa na ng'ombe; ng'ombe wakafa kwa ndorobo hawa hawa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaleta tembo wanne waliofunzwa kutoka India, wakateremshwa pwani, Msasani, na kutumwa kwa miguu kwenda Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Yaani tembo wanakwenda bara wakiwa na mizigo, na njia ile ile pembe za tembo zinakwenda pwani. Wengi wao walikufa njiani. Mwaka 1947 yakaja matrekta ya Mradi wa Karanga, Urambo ikiwa mojawapo ya vituo vyake vitatu. Waingereza wakafuta mradi mwaka 1951 baada ya kuzika humo mamilioni ya pauni. Kilichofanya kazi hapa kabla ya reli ni bega la mpagazi, na mara nyingi bega la Mnyamwezi: kilo 30 hivi, miezi kadhaa. Wapelelezi Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, yaani Tabora, Novemba. Wao wana vitabu na vibao. Waliobeba mizigo yao hawana.

Vijana wanne wakaja na majembe na matawi. Tulipatana shilingi elfu arobaini. Walichimba, wakatandika matawi, wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, wadudu wanawala nao hawana mkono wa kuwafukuza. Gari likatoka. Na injini ilipokwisha kuunguruma, shemeji akatoa elfu ishirini, akasema iliyobaki atawatumia, mtandao unasumbua. Hapo ucheshi uliniishia. Nyuma yetu kulikuwa na kitanda, jiko na beseni. Burton naye aliporudi Unguja mwaka 1859 aliacha wapagazi wakidai ujira, mpaka konseli wa Uingereza, Rigby, akalalamika kwa wakubwa. Miaka zaidi ya 160 imepita, na msafiri wa njia hii bado anakumbuka mtandao unasumbua pale tu mzigo unapokuwa umekwisha kufika.

Kaliua kioo kilivunjika. Uvinza tulinunua chumvi, inayotoka kwenye chemchemi ambazo maji yake watu wa kale waliyachemsha miaka elfu na zaidi iliyopita, na hizo ndizo fuwele pekee za halali tulizorudi nazo. Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe aliloishi Livingstone, tulikuta muda wa kufungua umepita.

Igwisi nendeni. Inastahili kuonwa hata bila almasi, na inastahili kibao barabarani na ukurasa katika vitabu vya shule. Vaeni kaki. Bebeni koleo, na mbao mbili za kuweka chini ya tairi. Pataneni bei kabla ya kusukumwa, na lipeni kabla injini haijawaka. Ile elfu ishirini ya vijana nimeituma mimi kwa simu, nayo ilifika papo hapo. Mtandao ulikuwa mzima. Shemeji hajanirudishia.