Ukucha wa Mtaalamu

Kila inapotoka simu ya bei ya kuruka, wachambuzi huuliza: itauzika kweli? Mwaka 2019 Samsung walileta Galaxy Fold, simu ya kukunja, dola 1,980 tu. Ilikuwa iingie madukani Marekani Aprili 26. Kabla ya hapo wakawapa waandishi wa teknolojia waijaribu. Baadhi yao wakaona juu ya kioo kuna nailoni, kama ile tunayoikuta kwenye kila simu mpya. Wakapenyeza ukucha pembeni, wakabandua. Kumbe nailoni hiyo ni sehemu ya kioo! Skrini ikafa. Wengine hawakubandua kitu na bado ikawafia, lakini hayo tuyaache. Simu ikarudishwa jikoni hadi Septemba, safari hii kingo za nailoni zikiwa zimefichwa chini ya fremu.

Kosa lilikuwa kuchagua wajaribuji. Wangetuletea sisi, ambao rimoti ya televisheni inazeeka ndani ya nailoni yake na makochi ya sebuleni bado yamevaa plastiki ya dukani. Nani angethubutu kubandua?

Ama bei, isikutishe. Mwaka 2007 Steve Ballmer, bosi wa Microsoft, aliangua kicheko mbele ya kamera alipoulizwa kuhusu iPhone na bei yake ya dola 500. Ikauzika. Microsoft nayo ikaja kununua biashara ya simu za Nokia, na mwaka 2015 ikafuta vitabuni dola bilioni 7.6. Kwa hiyo ndugu mchambuzi, tabiri upendavyo, ila kamera ikiwashwa, usicheke.