Jinsi ya Kugawa Ziwa Moja Likawa Matatu

Wewe mhariri wa jarida la kitaaluma unayeona haya kutangaza kosa, shika njia ya Puge, kijiji cha barabarani kati ya Tabora na Nzega. Nchi hiyo ya Wanyamwezi iliwahi kusahihisha kosa lililomeza maziwa mazima.

Mwaka 1856 jarida la jiografia la Petermann, mjini Gotha, Ujerumani, lilichapisha ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Katikati ya Afrika Mashariki palikuwa na ziwa moja, kubwa mno, lenye umbo la koa. Erhardt alikuwa amewahoji watu wa misafara huko Tanga. Kila msafara ulifika kwenye maji kwa njia yake, naye akayaunga yote. Watu hawakumdanganya, hitimisho ndilo lililokosea. Kwa hiyo usianze kumsaka mwongo. Chunguza kwanza kosa limeingilia wapi.

Kisha muulize aliyefika. Novemba 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora. Speke alipomfungulia Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, ramani ile, sheikh akamweleza kuwa maziwa matatu yamefanywa moja: Nyasa, la Ujiji (Tanganyika) na la Ukerewe (Viktoria). Julai 1858 Speke akaelekea kaskazini akajionee, na mwanzoni mwa Agosti akalikuta la Ukerewe. Neno la mwenyeji, kisha miguu ya mpimaji: huo ndio uhakiki.

Sasa rudi ofisini. Kosa dogo lisilogusa matokeo litolee masahihisho. Matokeo yakiwa hayaaminiki tena, batilisha makala, hata kama mwandishi alikosea bila nia mbaya. Usiifute mtandaoni. Iache palepale, kila ukurasa uwe na alama kwamba imebatilishwa, na tangazo lisomeke bure, liseme nani kabatilisha na kwa sababu gani. Tangazo la mstari mmoja, "makala imeondolewa kwa ombi la waandishi", ni sanda tu: limefunika maiti, halijasema kafa kwa nini. Wanaoliandika hivyo wanalinda heshima ya jarida huku daktari wa wilaya akiendelea kutibu kwa kutegemea takwimu mbovu. Hilo linanikera sana.

Wala usingoje. Makala ya daktari Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilitoka katika The Lancet mwaka 1998. Wenzake kumi walijitenga na tafsiri yake mwaka 2004, ila jarida liliibatilisha 2010. Miaka 12! Jarida hilohilo, Mei 22, 2020, lilitoa makala kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa korona. Watafiti wakahoji takwimu, waandishi wakashindwa kuzithibitisha, na Juni 4 ikabatilishwa. Kumbe inawezekana.

Nawe mwandishi, kabla ya kunukuu makala, itafute katika hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa. Tangu 2023 iko chini ya Crossref na haina malipo.

Mwisho, mtaje aliyeliona kosa, awe profesa, muuguzi au mfanyabiashara. Speke aliandika jina la Snay katika simulizi yake ya safari, ndiyo maana tunajua kwamba sahihisho lilitamkwa Tabora kabla Speke hajaliona ziwa la Ukerewe.